Hakutokea Mara Mbili

Jumatatu, 24 Machi

Twahir ametaka kila mmoja wetu aandike anachofanya na kwa nini, ili akija mtu baada yetu aelewe. Linet anaandika kwenye kompyuta. Mimi nimenunua daftari, maana nina maneno ambayo Twahir hatakiwi kuyasoma.

Kazi yenyewe ni hii. Ushirika mmoja wa wakulima kule Magarini una matrekta mawili na nyumba sitini na nne zinazoyasubiri, na kila masika wanagombana nani atangulie. Wametuomba programu ya kupanga zamu, nami ndiye ninayeiandika. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya fundi cherahani, hapa Malindi, na tuko watatu. Twahir ndiye mwenye ofisi, na ni binamu yangu, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Linet ni msichana wa Ganze, anayesema kidogo na kukosea kidogo. Kisha kuna mimi, Hafidha, nisiyeweza kukaa kwenye kiti nusu saa bila kuinuka kwenda dirishani. Saumu imenizidishia. Sina chai ya kuushughulisha mkono, basi nachokonoa kucha.

Ninachokipenda katika kazi hii ni ruwaza. Waliotutangulia katika kuandika programu waliona kwamba matatizo ni yale yale, yanabadilisha nguo tu, wakayatafutia njia za kuyatatua na kila njia wakaipa jina. Programu yetu imejengwa kwa vitu: kuna Shamba, kuna Trekta, kuna Zamu, na kila kimoja kinajua mambo yake na kunyamazia ya wenzake. Zamu nimeijenga kwa ruwaza ya Hali. Inaweza kuwa Imepangwa, Imetimia, au Hakutokea, na kila hali inajua yenyewe nini kifuate. Juu yake nimeweka Wasikilizaji: hali ikibadilika tu, simu ya mwenye shamba inapata ujumbe. Na Kalenda nimeifanya Pekee, yaani kinazaliwa kitu kimoja tu cha aina hiyo, na kila sehemu ya programu inakiendea hicho hicho.

Linet ameniuliza kwa nini Pekee. Nikamwambia leo ni leo kwa kila mtu, sioni sababu ya kuwa na kalenda mbili. Akarudi kwenye kompyuta yake.

Jumatano, 26 Machi

Joto. Feni imekufa. Nimefuta darasa zima la programu, yaani kiolezo cha aina moja ya vitu, na kuliandika upya kwa sababu jina lake lilikuwa linanikera.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimekumbuka niandike mkutano wa mwezi uliopita kule Magarini, maana Twahir ameuliza masharti yametoka wapi.

Tulikaa katika ofisi ya ushirika, kamati yote. Mwenyekiti ni Mchungaji Mangi, mtu mpole anayeshika Biblia hata anapozungumzia dizeli. Karani ni Gladys, ambaye miaka yote amekuwa akipanga zamu kwa penseli katika daftari la shule. Ndilo daftari lililoleta maneno. Watu wanadai Gladys anawapendelea ndugu zake, na kamati ikaniomba nitengeneze orodha isiyoguswa na mkono wa mtu. Hilo nililipenda sana. Nikawaeleza kwamba zamu ikishapangwa hata Gladys hataweza kuihamisha, na kila kitakachoandikwa hakitafutika. Gladys aliitia penseli kwenye nywele zake na kunitazama.

Niliuliza swali langu kama inavyotakiwa: kuna siku ambazo hamlimi? Mchungaji akajibu Jumapili. Nikawatazama wengine mmoja mmoja. Wote wakasema Jumapili. Nikaandika Jumapili.

Masharti mengine wakayatoa wenyewe. Mwenye shamba lazima awepo kuonyesha mipaka, asipokuwepo dereva anabonyeza Hakutokea na kuondoka. Asiyetokea anarudishwa nyuma. Mara mbili, anatolewa mpaka vuli. Walichoniachia mimi ni kuamua anarudishwa nyuma siku ngapi. Nikaweka siku nane, kwa kuwa raundi nzima ni siku nane za kazi. Hesabu safi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Jana jioni nyumba nzima ilikuwa juu ya dari tukiuangalia mwezi. Mama hakutia unga wa mahamri majini mpaka ulipotangazwa. Namwambia kalenda ya simu imeshasema, ananijibu, "Simu yako haijafunga." Leo nimekula mpaka nimeona haya.

Jumanne, 1 Aprili

Tumeanza. Mashamba manane, hali nane zimegeuka kuwa Imetimia mbele ya macho yangu. Nimetembea chumbani kutwa kama kuku anayetaka kutaga. Twahir ameniambia nikae.

Ijumaa, 4 Aprili

Sita hawakutokea. Sita kati ya wanane! Kambi, dereva wa trekta la kwanza, amenipigia simu akiwa shambani.

"Dada, hapa hamna mtu."

"Umepiga honi?"

"Nimepiga. Hawaji leo hawa."

"Basi bonyeza."

Nikasikia injini inanguruma, kisha akabonyeza. Mtu analia miaka yote anataka trekta, trekta linafika mlangoni, yeye hayupo. Nimemwambia Linet kwamba watu hawa hawako tayari kwa programu. Linet amenitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

Jumanne, 8 Aprili

Sita wengine. Nimekasirika hata sikula mchana.

Jumamosi, 12 Aprili

Wale sita wa kwanza, mara ya pili. Hakutokea, Hakutokea, mpaka chini ya ukurasa. Wametolewa. Programu imefanya kazi yake sawasawa, na mimi sina raha, wala sijui kwa nini.

Jumatano, 16 Aprili

Na wale wa pili pia. Kumi na wawili jumla. Anga limejaa mawingu upande wa bara. Kamati imebandika majina yao ukutani.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi kabla ya saa tatu fundi wa chini ameniita kwamba nina mgeni. Amepanda mama mmoja wa makamo ya bibi, leso mbili, viatu ameviacha mlangoni ingawa sakafu yetu ni chafu kuliko viatu vyake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha Twahir, akapumzika. Kisha akauliza habari za nyumbani kwetu, za mama, za Idi, zote kwa utulivu, na mimi mguu unanicheza chini ya meza.

"Naitwa Kadzo," akasema. "Nimeambiwa wewe ndiwe unayegawa trekta."

"Sigawi mimi, mama. Programu ndiyo inayopanga."

"Na programu ni ya nani?"

"Niliiandika mimi."

"Haya. Basi ndiwe."

Nikamfungulia kumbukumbu zake. Ekari tatu, bondeni, njia ya kwenda Marafa. Tarehe nane, Hakutokea. Tarehe kumi na sita, Hakutokea. Nikamwonyesha kwa kidole, na nilimwonyesha kwa kiburi, niandike ukweli. Nikamwambia trekta lilikwenda mara mbili.

"Najua. Nililisikia nikiwa nyumbani."

"Sasa mbona hukutoka, mama?"

Akanishangaa. Hakuwa na hasira. Alinishangaa kama ninavyomshangaa mtu mzima asiyejua kufunga kamba za viatu.

"Mwanangu, ilikuwa jumwa."

Kwetu mtaani kuna mwanamke anaitwa Jumwa, anauza viazi vya karai. Nimemnunulia viazi tangu nina miaka sita na sijapata kumuuliza jina lake limetoka wapi. Ikabidi mama Kadzo anifundishe kwenye kiti cha Twahir: juma la zamani la watu wa kwao ni siku nne, tatu za kulima, ya nne jumwa. Siku ya jumwa mtu hatii jembe ardhini. Anapumzika, anakwenda sokoni, anahudhuria vikao vya watu. Si wote wanaoishika siku hizi, wengi wameacha, lakini nyumba yake inaishika, na mumewe aliishika mpaka alipofariki.

"Lakini niliuliza kwenye kamati! Wakaniambia Jumapili."

"Mchungaji alikuwepo?"

"Ndiye mwenyekiti."

Akacheka kidogo kwa pua.

"Mvua inakuja," akasema. "Ikishika, bonde langu haliingii trekta. Mahindi ya ekari tatu ndiyo chakula changu na cha wajukuu wanne mpaka mwakani. Kwa jembe la mkono nitaweza labda nusu ekari, na mgongo wangu huu. Nakuomba siku moja. Yoyote isiyokuwa jumwa."

Nikamwahidi. Alipoondoka nikamgeukia Linet, nikamuuliza kama alijua.

"Nyumbani kwetu tumeokoka," akasema. "Lakini shangazi yangu halimi jumwa."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema kalenda ni moja. Nilidhani umeshamaliza."

Ijumaa, 18 Aprili

Pasaka, matrekta yamesimama mpaka Jumanne. Nimekuja ofisini peke yangu na nimegundua jambo.

Nane inagawanyika kwa nne.

Kila nyumba iliyoangukia jumwa mara ya kwanza nimeirudisha nyuma siku nane, yaani nimeitoa kwenye jumwa na kuipeleka jumwa. Wale kumi na wawili hawakuwa na njia ya kupona. Ningeweka siku saba, au tisa, au tano, wangelimiwa wote. Nimeketi mbele ya ile nane niliyoiita hesabu safi na nimejisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na kulikuwa na sababu gani ya mimi kutojua? Mtu ambaye wiki tatu nyuma alikuwa juu ya dari anasubiri mwezi, anakaa mezani na kuandika kwamba leo ni leo kwa kila mtu.

Nimempigia Gladys. Hakushtuka hata kidogo.

"Mimi kwenye daftari langu niliwaruka tu," akasema. "Najua nyumba gani inashika na gani haishiki. Hao ndio walioitwa ndugu zangu."

"Kwa nini hukusema siku ile, Gladys?"

"Mbele ya Mchungaji? Nami naimba kwaya kwake? Halafu wewe hukuniuliza mimi. Uliuliza kamati."

Jumanne, 22 Aprili

Tumegombana na Twahir.

Yeye anataka nitie sharti moja ndani ya msimbo wa programu: kama nyumba ni mojawapo ya hizi kumi na mbili, isipangiwe siku za jumwa. "Mistari mitatu, Hafidha. Leo hii. Kesho wanalimiwa." Nikamwambia siwezi kutia majina ya watu ndani ya msimbo, huo ni uchafu, na vuli atakuja mtu wa kumi na tatu. Suluhisho lipo na lina jina: Mkakati. Kalenda isiwe Pekee tena. Kila Shamba libebe kalenda yake, ya siku saba au ya siku nne, na Zamu iulize shamba "unafaa lini?" bila kujali kalenda ni ya aina gani. Akitokea mtu wa kalenda ya mwezi, naongeza darasa moja, sigusi lingine.

"Ni nzuri," Twahir akasema. "Itachukua siku ngapi?"

"Nne."

"Na mvua?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha ruwaza."

"Nilikufundisha. Sikukuambia ulale nazo."

Linet akainamisha kichwa. Mimi nikasema nipeni siku nne. Twahir ni mtu laini, hilo ni tatizo lake, akanipa.

Alhamisi, 24 Aprili

Kalenda ya Pekee inaitwa kutoka mahali mia moja na kumi na saba. Nilikuwa najisifu kwamba kila kitu kinaifikia kwa urahisi. Sasa kila nikivuta uzi mmoja, kumi inakatika. Imenyesha asubuhi, saa moja hivi. Si nyingi.

Jumamosi, 26 Aprili

Imenyesha tangu alfajiri. Mifereji ya mtaa wetu imefurika na fundi cherahani ameinua mashine zake juu ya meza.

Gladys amepiga simu saa nne. Nayaandika maneno yake yalivyokuwa.

"Hafidha, nipe nafasi niingize zamu kwa mkono. Siku moja tu. Trekta la Kambi liko bure leo, si jumwa, naweza kupeleka kwa Kadzo na wale watatu wa bondeni kabla udongo haujashiba."

"Programu haina nafasi hiyo, Gladys. Kamati ndiyo iliyotaka isiwe nayo."

"Basi itie."

"Nikiitia sasa nitavuruga ninachokijenga. Nakaribia kumaliza. Siku mbili."

"Udongo hausubiri siku mbili."

"Siku mbili, Gladys, nakuomba."

Akasema haya. Alisema kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe waliolala. Nami nikarudi kwenye kazi, na najua nilichokihisi: nilihisi nimekatizwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Tisini na moja zimebadilishwa, ishirini na sita zimebaki.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Nimetembea kutoka dirishani hadi mlangoni mara ngapi sijui. Kila gari linalopita chini linarusha maji ukutani. Nimemuota mama Kadzo amekaa kwenye kiti cha Twahir anasubiri, na mimi namwambia nakaribia.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Imebaki moja ambayo siipati. Linet ameipata, baada ya kuniomba kwa adabu nimpishe kiti.

Alhamisi, 1 Mei

Imekwisha. Siku tisa badala ya nne.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya, na sitajitia unyenyekevu. Kalenda za aina mbili zinabadilishana bila programu kutikisika. Nimejaribu miaka hamsini mbele, jumwa zote zimekaa mahali pake. Nyumba kumi na mbili zimerudi kwenye orodha. Zamu zimepangwa, Wasikilizaji wameamka, ujumbe umekwenda: *Kadzo, zamu yako ya trekta ni Jumatatu tarehe 5 Mei.* Twahir ameusoma msimbo wote, akasema ni mzuri. Saa tisa jua limetoka, nikalichukulia kuwa dalili njema.

Jumatatu, 5 Mei

Kambi amepiga simu saa tatu na nusu.

"Dada, nimezama."

"Umezama wapi?"

"Kwa Kadzo. Sijafika hata mpakani. Gurudumu la nyuma limekwenda lote. Hapa nasubiri trekta la pili lije linivute, na hilo nalo sijui kama litatoka."

"Mwenye shamba yupo?"

"Yupo. Amesimama ndani ya matope tangu saa kumi na mbili."

Nyumba nane za juu zimelimiwa, udongo wao ni mchanga. Nne za bondeni, hapana. Kambi anasema mpaka mwisho wa Juni hakuna chuma kitakachoingia pale, na mwisho wa Juni hupandi mahindi.

Nimezima kompyuta. Nimekaa. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nimekaa saa nzima bila kuinuka.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda mwenyewe. Twahir alitaka kunisindikiza, nikamkatalia.

Kutoka barabarani nimetembea pembeni ya mashamba ya watu, mahindi yao yameshatoa majani matatu, manne. Ndipo unafika kwa Kadzo. Kona moja imelimwa kwa mkono, matuta yamepindapinda, nusu ekari au chini ya hapo, na hapo mahindi yameota. Palipobaki ni majani na maji. Kuna shimo refu la magurudumu ya jana, limejaa maji ya kahawia.

Hakuwa shambani. Nilimkuta nyumbani anachambua mchicha, na ndipo nilipokumbuka leo ni jumwa. Programu yangu inajua, mimi nimesahau. Nikamwamkia, akanipa kigoda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea vizuri. Badala yake akaniuliza kama nimekula, akanipa muhogo, na nikaula kwa sababu sikujua nifanye nini. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akatikisa kichwa tu, kama mtu aliyepokea salamu.

"Kile kitabu chako cha kwenye simu," akasema baadaye. "Bado kimeniandika vile?"

"Vipi, mama?"

"Kwamba sikutokea."

Nikafungua. Tarehe nane, Hakutokea. Tarehe kumi na sita, Hakutokea. Tarehe tano Mei, Imeahirishwa, hali mpya niliyoiongeza wiki iliyopita.

"Yamebandikwa ukutani pale ushirika," akasema. "Jirani yangu amemwambia binti yangu, mama yako analilia trekta halafu analala. Mimi nimelima shamba hili miaka thelathini na minne. Sikumbuki siku ya kulima ambayo sikutokea. Njaa nimewahi kuiona, nitaiona tena, tutakwenda hivyo hivyo na wajukuu. Lakini hayo maneno uyatoe."

"Siwezi kuyafuta, mama. Nilijenga yasifutike."

"Kwa nini?"

"Ili mtu asidanganye."

Akaacha mchicha.

"Na hayo yaliyomo humo ni kweli?"

Nikaifunga simu. Akaendelea na mchicha wake. Nilipoaga akaniambia Jumamosi kuna mkutano wa ushirika, ni jumwa, kila mtu atakuwepo, na nije.

Alhamisi, 8 Mei

Siwezi kufanya kazi. Linet ameniletea chai na kuiweka mbali na karatasi. Ameniambia, "Kule watakusikiliza. Usiseme mengi."

Jumamosi, 10 Mei

Walikuwa watu zaidi ya mia. Benchi za kanisani zimeletwa nje, anga jeupe bila mvua.

Mchungaji Mangi akafungua kwa sala, kisha akasema kwa upole wake kwamba msimu huu kumekuwa na hitilafu ya mitambo, na mtaalamu wetu kutoka Malindi ameshairekebisha, tumshukuru. Alikuwa ananipa mkono wa kunivusha. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuushika. Nilisimama na neno la kwanza lililonijia kinywani lilikuwa "mitambo". Nikaona mama Kadzo safu ya tatu, mikono mapajani, amenitazama. Hakukunja uso. Alikuwa anasubiri tu, na nilikuwa nimeshamsubirisha vya kutosha.

"Mitambo haikuharibika," nikasema. "Ilifanya kila nilichoiambia."

Nikawaeleza. Kwamba niliweka kalenda moja kwa watu wote bila kuwauliza mlangoni kwao. Kwamba siku nane zangu ziliwapeleka kumi na wawili jumwa hadi jumwa. Waliposikia neno hilo likitamkwa hadharani watu wakatazama chini, wengine wakamtazama Mchungaji, naye akaitazama Biblia yake. Nikasema kwamba nilijua tangu tarehe kumi na saba Aprili, na Twahir alitaka nitie mistari mitatu nikakataa, na Gladys akaniomba siku moja nikakataa, kwa sababu nilikuwa nataka kuitengeneza vizuri. Nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa nataka iwe nzuri.

Mtoto alilia, akatolewa.

Kisha nikatoa simu na kufanya nilichokwenda kukifanya. Kufuta haiwezekani, lakini kuongeza chini yake inawezekana. Nilikuwa nimeandika hali mpya usiku wa juzi. Nikaibonyeza kwa zamu ishirini na nne, mbili kwa kila nyumba. Wasikilizaji wakafanya kazi yao na simu zikaanza kulia kwenye mabenchi, moja hapa, moja kule. Mama Kadzo akaitoa yake ndani ya leso, akampa Gladys amsomee, miwani hakuja nayo.

Gladys akasimama ili wote wasikie. "*Tarehe 8 Aprili. Ilikuwa jumwa, mwenye shamba hakukosa. Aliyekosea ni Hafidha wa Malindi.*" Akasoma na ya pili. Sauti yake ya kwaya ilifika mpaka barabarani.

Mama Kadzo akairudisha simu ndani ya leso na kufunga fundo.

"Sasa ni kweli," akasema. "Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Mkutano ukaendelea na habari za mbegu.

Jumatatu, 12 Mei

Twahir ameona jina langu ndani ya msimbo, akaliacha. Asubuhi nimempa Gladys uwezo wa kuhamisha zamu kwa mkono wake, kama alivyoniomba siku ile ya mvua, na kamati imekubali. Nimetazama saa nilipoanza na nilipomaliza. Dakika ishirini na tano.